Kigoda cha Mgeni katika Nchi ya Wasaa

Mgeni asije, mwenyeji apone.

Hivyo ndivyo Siwema Makame alivyougeuza usemi wa wahenga. Aliuandika kwa wino mwekundu juu ya ratiba ya mradi wake, kisha akaibandika ratiba hiyo ukutani, juu ya kitanda chake bwenini. Mgeni aliyemkusudia hakuwa mtu. Alikuwa mkosi: boliti iliyokatika, homa, msiba wa jirani, mvua isiyo na msimu. Siwema alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya ufundi mitambo, na mradi wake ulikuwa pampu ya kukanyaga kwa miguu, ya kupandisha maji kutoka bondeni hadi kwenye bustani za mboga. Alipewa wiki kumi. Alizijaza zote, siku kwa siku na saa kwa saa, kama mtu anayeshindilia karafuu guniani, pasibaki hata tundu la kupitisha sindano. Ratiba ile ilipendeza kuitazama. Ilikuwa na rangi nne.

Mgeni akaja hivyo hivyo. Alikuja siku ya mwisho saa nane mchana, umeme ulipokatika mtaa mzima na mshono wa silinda haujachomelewa. Kazi ilitakiwa saa kumi. Saa kumi Siwema alikuwa mlangoni kwa msimamizi wake, mkono mmoja una pampu isiyoshika maji, mkono wa pili una barua ya kuomba radhi. Ilikuwa barua yake ya kumi na saba tangu aanze chuo. Alikuwa amezoea kuziandika hata akawa na nakala kadhaa kwenye daftari, zimekamilika kila kitu isipokuwa pengo la tarehe na pengo la sababu. Katika mipango yake yote, hayo ndiyo mapengo pekee aliyowahi kuyaacha.

Msimamizi hakumgombeza. Aliisoma barua, akaikunja, akasema, "Nenda Wasaa. Nakupa siku ishirini na tano. Ukirudi na pampu inayotoa maji na muhuri wao, utahitimu. Ukikosa kimojawapo, jina lako tunalifuta."

Njia ya kwenda Wasaa haina la kusimulia. Ni ndefu kwa aliyechelewa na fupi kwa aliyejipanga, na yeye aliiona ndefu.

Jambo la kwanza aliloliona katika nchi ile ni kwamba hakuna mtu anayekimbia. La pili lilimshangaza zaidi: hakuna mtu anayengoja. Kinyozi alikuwa akikung'uta kitambaa cha mteja mmoja, na mteja wa pili anavua kofia mlangoni. Mwalimu alikuwa akifuta ubao, na kengele inaanza kulia. Siwema alisimama barabarani akitafuta mtu mmoja tu anayetazama saa kwa hofu. Hakumpata. Saa zenyewe zilikuwa chache, na hakuna aliyezisogeza mbele dakika tano ili ajidanganye.

Karakana ya wanafunzi ilisimamiwa na Bi Shangwe, mwanamke mfupi, mnene, wa miaka hamsini hivi. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja puani na moja kichwani.

"Hiyo ya kichwani ya nini, Bi?" Siwema aliuliza.

"Ya siku hii ya puani itakapovunjika."

"Kwani itavunjika lini?"

"Ningejua lini, ningeivaa ya pili ya nini? Haya, sema. Umekuja kutengeneza nini?"

"Pampu ya kukanyaga. Silinda siku moja, pistoni nusu siku, fremu siku mbili..."

Bi Shangwe aliandika: silinda siku mbili, pistoni siku moja, fremu siku nne.

"Samahani Bi, mimi nimesema siku moja."

"Nimekusikia, mwanangu. Uliyosema ni siku ya mdomoni. Ninayoandika ni siku ya mikononi. Sheria yetu inasema siku moja ya mdomoni ni siku mbili za mikononi, na kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho ni tatu. Nimekuonea huruma kwa kuwa mgeni."

Siwema alijumlisha haraka. "Basi siku ishirini hazitoshi, na zilizobaki ni za njia na za kugongewa muhuri."

"Hazitoshi hata kidogo," Bi Shangwe alikubali kwa furaha, kama mwalimu aliyepata jibu. "Sasa twaweza kuanza kupanga. Unaacha nini?"

Swali hilo Siwema hakuwahi kuulizwa na mtu. Aliulizwa siku zote ataongeza nini. Aliiacha rangi ya buluu aliyotaka kuipaka. Akaliacha sanduku la mbao la kufunikia silinda. Akaiacha michoro sita ya nakshi, akabaki na miwili inayohitajika. Kila alipoacha kitu, makarani wawili waliokuwa mle ndani waligonga meza kwa vidole, na baadaye alijua kuwa ndivyo watu wa Wasaa wanavyopiga makofi.

"Na Mgeni atakaa wapi?" Bi Shangwe aliuliza mwisho.

"Mgeni gani? Mimi sitarajii mtu."

Makarani waliweka kalamu chini wakacheka. Katika benchi la jirani, kijana aliyekuwa akipaka udongo kwenye tanuri dogo la mikate aliinua kichwa. Jina lake Mahadhi, mwanafunzi wa hapo hapo.

"Mwacheni dada wa ng'ambo," alisema. "Kwao mikosi inatuma barua kabla ya kuja."

"Kwetu inabisha hodi," Siwema alimjibu, "haiingii na udongo miguuni kama wewe."

Mahadhi akacheka kuliko makarani, akamwonyesha kigoda cha miguu mitatu kando ya benchi lake. Kila benchi lilikuwa nacho. Vilikuwa safi, vimepanguswa, na hapakuwa na mtu aliyevikalia. Hicho ndicho kigoda cha Mgeni. Sheria ya Wasaa ni kwamba katika kila siku tano za kazi, ya tano haipangiwi kitu. Ni siku ya Mgeni, yaani ya lile jambo usilolijua sura yake ila unajua kwamba lipo njiani. Likifika siku yoyote, unalikaribisha, unaendelea na kazi nyingine, na siku ya tano unakaa nalo mpaka mwafikiane.

Mpango nao hawauandiki kwenye karatasi. Wanausuka. Kila mwanafunzi husuka mkeka wa ukindu, ukanda mmoja kwa siku moja. Siku za kazi ni kanda za rangi, na siku za Mgeni ni kanda nyeupe. Akishamaliza anautandika kwenye benchi na kuukalia. Mahadhi alimfundisha Siwema kuusuka, na Siwema alipomwuliza kwa nini usitundikwe ukutani watu wauone, Mahadhi alijibu, "Mpango wa ukutani ni pambo, dada. Huu wa kukalia huwezi kuusahau. Ukiusuka vibaya, unakuumiza."

Siwema alikumbuka ratiba yake ya rangi nne.

Siku ya tatu ngozi ya pistoni ilipasuka. Siwema alijishika kichwa, na kabla hajaiweka chini midomo ilikuwa imeanza yenyewe: "Nisamehe sana Bi Shangwe, kwa heshima na taadhima, kutokana na sababu zisizozuilika..."

Bi Shangwe alimpita. Aliipokea ile ngozi, akaiweka juu ya kigoda, akasema nayo, "Karibu, Mgeni. Tulikuwa tunakungoja." Ndipo akamgeukia Siwema. "Mimi ndiye niliyepasuka?"

"Hapana, Bi."

"Basi radhi ya nini? Siku yake ni ya tano. Leo na kesho mkeka wako unasema fremu."

Siku ya tano Siwema alikata ngozi mpya, akailoweka kwenye mafuta, na mchana wa siku hiyo ilikuwa tayari. Siku ya sita aliendelea kana kwamba hapakutokea neno. Alitaka kulia. Kule chuoni wiki kumi zilivunjwa na saa mbili za giza la umeme. Hapa mkosi ulikuja, ukapewa pa kukaa, ukaondoka, na mkeka haukukatika hata uzi mmoja.

Alizidi kuipenda nchi ile. Alipenda kwamba neno "nakaribia kumaliza" halipokelewi na karani yeyote. Kazi ni "bado" au ni "tayari", na wa bado haonewi haya. Mvua ilipoingia karakanani siku ya nane, alipenda kuona jinsi walivyoushika ule usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kama kifungu cha sheria. Walikinga maji siku mbili, na ya tatu wakayatia kwenye tangi la majaribio, wakaokoa ndoo arobaini za kuteka kisimani. Siku ya kumi na tatu aliugua mafua, akalala mchana kutwa bila kuandika barua, na ukanda mweupe wa siku ya kumi na tano ukamrudishia siku yake.

Alipelekwa hata kwenye Baraza la nchi kusikiliza mjadala. Wajumbe walikuwa wakibishana kama siku ya Mgeni iwe ya tano au ya kwanza. Kundi moja lilisema mkosi hukaribishwa baada ya jasho, na kundi la pili likasema hukaribishwa kabla. Walitoa hoja nzito, wakanukuu mababu, wakaulizana maswali makali bila kutukanana, na wakafunga kikao dakika ile ile iliyosukwa kwenye mkeka wa Baraza.

"Wameamuaje?" Siwema alimnong'oneza Mahadhi.

"Hawajaamua. Ni mwaka wa arobaini huu. Lakini hawajachelewa hata siku moja."

Siku ya kumi na tisa maji yalipanda. Yalitoka bondeni, yakapita bombani yakikohoa kidogo, yakamwagika kwenye matuta ya mchicha juu ya mteremko. Siwema alikanyaga mpaka mapaja yakatetemeka. Bi Shangwe alivua miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akatazama tena. "Tayari," alisema. Makarani waligonga meza.

Mahadhi peke yake hakufurahi. Alimvuta Siwema pembeni. "Kesho ni ukanda wako wa nne mweupe, na Mgeni wa nne hajaja."

"Asije. Kazi imekwisha."

"Hapa haiendi hivyo. Mgeni asipokuja, analetwa."

Akamweleza. Zamani za mababu ulipita mwaka mzima bila mkosi. Watu wakaziona siku nyeupe ni upuuzi, wakazijaza kazi, na mwaka uliofuata yakaja mafuriko. Tangu hapo kuna Mkaguzi wa Mgeni, afisa mwenye spana na daftari. Siku nyeupe isiyotembelewa na mkosi, yeye huuleta. Hulegeza boliti, huficha kitabu, hutuma mwaliko wa harusi usiokataliwa.

"Mimi mwaka jana aliniletea mjomba wangu na wake zake wawili," Mahadhi alisema. "Walilala juu ya benchi hili siku mbili, wanabishana nani anakoroma."

"Na kazi?"

"Nilichelewa, nikafeli. Lakini kwa mujibu wa sheria, nilifeli vizuri."

Siwema alimtazama aone kama anatania. Hakuwa akitania. Ndipo alipoelewa kwamba hata watu wenye hekima ya kumwekea mkosi kigoda wanaweza kufika mahali wakaona haya kigoda kikiwa kitupu.

Asubuhi ya siku ya ishirini Bwana Machano, Mkaguzi wa Mgeni, alisimama mlangoni. Alikuwa mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi, spana imening'inia kiunoni.

"Hodi!"

Sheria inamtaka abishe na akaribishwe, ndipo aingie. Tangu kazi yake ianzishwe hakuna aliyewahi kuisikia hodi akakaa kimya. Malezi ya Wasaa hayaruhusu. Siwema naye alilelewa. Neno "karibu" lilimpanda kooni. Akalimeza.

"Hodi humu ndani!"

Karakana nzima iliacha kazi.

"Binti," Bwana Machano alisema kwa upole, "ni boliti moja tu. Ya mguu wa kushoto. Utaifunga tena kufikia jioni."

"Na ikivunjika?"

"Basi utakuwa umepata mgeni halisi. Hodi!"

Alibisha mpaka adhuhuri. Siwema alikaa juu ya mkeka wake, amekunja miguu, akaitazama pampu. Hakuwa na la kufanya, na hilo lilikuwa jambo geni kwake. Alipochoka kukaa alimwomba Bi Shangwe aikanyage kidogo. Bi Shangwe alipanda, na kwa ufupi wake mguu haukukifikia vizuri kikanyagio cha juu. Kila hatua ilimlazimu ajirushe kama anayeruka mtaro. Siwema alikuwa ametengeneza pampu ya miguu yake mwenyewe, mirefu kama ya korongo. Alichukua tindo na keekee, akatoboa matundu mapya chini ya yale ya zamani, akashusha vikanyagio. Bi Shangwe alipanda tena, akakanyaga huku anazungumza, bila kuhema.

Bwana Machano alifunga daftari. Kesi ikapelekwa Baraza.

Baraza lilitafuta kwenye mkeka wake, likakuta ukanda mweupe ambao haukuwa umetembelewa. Mwenyekiti alitoa kigoda, akakiweka katikati ya ukumbi, akasema, "Kukataa kwa binti huyu ni mkosi wetu. Karibu, Mgeni." Walikaa nao siku mbili, kama sheria inavyotaka. Siwema alihesabu kwa vidole: ishirini na moja, ishirini na mbili. Siku ya ishirini na tatu aliitwa. Ilimpasa aondoke siku hiyo hiyo, la sivyo chuo kimfute.

"Leo ni ya tatu," Mwenyekiti alisema. "Kukataa kwako kupewe jembe. Kama kuna kazi kunayoiweza, kutabaki katika sheria. Kama hakuna, kutatoka, na wewe utatoka bila muhuri. Sema."

Siwema alisimama. Alieleza habari ya vikanyagio. "Siku kumi na tisa niliitengeneza pampu," alisema. "Siku ya ishirini niliiona."

"Basi kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa Mgeni wako," mjumbe mmoja alidakia, akitafuta njia nyepesi. "Tuandike hivyo, tumalize."

"Hapana, Bwana. Mkosi huja wenyewe. Hii niliifuata mimi, kwa sababu siku ilikuwa tupu. Mmewafundisha watu kuacha nafasi, na mimi sijaona jambo bora kuliko hilo popote. Kisha mkaiogopa nafasi yenyewe. Mkamtuma Bwana Machano aijaze. Kwetu tunaijaza kwa tamaa, hapa mnaijaza kwa adabu, na zote mbili zinaangusha kazi. Muulizeni Mahadhi."

Mahadhi, nyuma ya ukumbi, alisema kwa sauti, "Mjomba anawasalimu!"

Walicheka, hata Bwana Machano kidogo. Kisha walishauriana kwa muda uliosukwa, wala hawakuzidisha. Mwenyekiti akasoma uamuzi: ukanda mweupe usiopata mgeni ni wa mwenye kazi, na Mkaguzi atapita kutazama bila spana. Mkeka wa Siwema uliletwa. Muhuri ulichovywa, ukagongwa kwenye ukanda wa ishirini, mweusi, unang'aa kwa ubichi.

"Limebaki moja," Mwenyekiti alisema. "Kila shauri la Baraza hili hufungwa kwa radhi. Imesukwa mwishoni mwa mkeka wetu, na dakika zake ni tatu. Bwana Machano alisimama juani nusu siku, na hukumjibu hodi. Neno moja tu, binti, twende zetu. Wino ni mbichi bado. Usipolisema, itambidi aufute kwa kidole."

Bwana Machano alisogea, kidole cha shahada kimenyooka juu ya muhuri. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa na utaratibu.

Bi Shangwe alimtazama Siwema kwa miwani zote mbili. "Haikuchubui, mwanangu," alinong'ona. "Useme tu."

Siwema alizikumbuka barua kumi na saba. Alizikumbuka sababu zisizozuilika, heshima na taadhima, na lile pengo la tarehe. Alijua maneno hayo kwa moyo. Yangetoka yenyewe kabla hajavuta pumzi. Mlangoni jua kali liliingia likapiga moja kwa moja juu ya ukindu.

Hakusema kitu. Dakika ya kwanza ikapita. Wajumbe walifikiri anatafuta maneno, wakampa nafasi, maana kumpa mtu nafasi ndiyo sifa yao kubwa. Dakika ya pili ikapita. Ukumbini hapakusikika ila nyuki mmoja dirishani. Siwema aliutazama muhuri ukipoteza mng'ao wake polepole, kuanzia ukingoni kuelekea kati, mpaka ukabaki mweusi wa makaa.

Ndipo alipoinama, akauchukua mkono wa Bwana Machano kwa heshima, akakiweka kidole chake juu ya muhuri. Kilitoka safi; wino ulikuwa umekauka.

Akaukunja mkeka, akautia kwapani.

"Nimeomba radhi miaka mitatu kwa kuchelewa," alisema. "Leo nimewahi. Siombi."